Goli Lililoingia Redioni

Mume wangu alikuwa shabiki wa timu ya mpira ya Ujerumani ambayo hakuwahi kuiona ikicheza, ya mji ambao hakuwahi kuukanyaga, kwa sababu ya mechi moja iliyochezwa kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa na skafu ya bluu, rangi ya timu hiyo, na aliivaa hata siku ambazo watu wengine hapa Toronto walikuwa wanatembea na kaptula. Ukimwuliza kulikoni, alinyoosha kidole kuelekea mlango wa tatu kutoka wetu na kusema, "Muulize yule."

Yule alikuwa mzee wa Kijerumani aliyeishi peke yake kwenye ghorofa yetu, ya nne, katika jengo la kupanga, mtaa wa Agincourt. Sisi tulitoka Tabora. Mume wangu aliendesha basi la shule. Mimi nafua na kukunja mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, na kazi hiyo ninayo hadi leo. Shule niliishia darasa la saba. Historia ya Ujerumani siijui kwa vitabu. Ninayoijua ni ya msimu mmoja tu wa mpira, na hiyo naijua vizuri, kwa sababu ilisimuliwa mezani kwangu na watu wawili waliokuwa wakikatizana.

Walikutana chini kabisa, kwenye chumba cha mashine za kufulia. Mume wangu alimkuta mzee ameinamia sinki, anafua fulana nyekundu kwa mikono, na nyuma yake mashine zote ziko wazi.

"Zimeharibika?" mume wangu akauliza.

"Hazijaharibika. Ila nguo nyekundu simwachii mtu, hata mashine."

Mume wangu alikuwa mtu wa kuuliza, mzee naye alikuwa hajaulizwa kitu siku nyingi. Nguo zetu zilikauka zikapoa humo kwenye mashine kabla hajapanda juu.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Mji wa mzee ulikuwa mji wa makaa ya mawe, na nyumba nyingi zilikuwa hazina mapaa. Hapakuwa na ligi moja ya nchi nzima kama ilivyo sasa. Kila kanda ilicheza yenyewe, kisha timu bora za kanda zikakutanishwa, na kila iliyofungwa ikarudi kwao, mpaka zikabaki mbili za kugombea ubingwa wa taifa. Wachezaji wa timu yao walikuwa wachimba makaa. Walitoka shimoni, wakaoga, wakaenda uwanjani. Mechi za mbali walisafiri nyuma ya lori, na walipocheza vijijini wenyeji waliwalipa viazi, wakarudi navyo kwenye magunia. Watazamaji walikaa juu ya kuta zilizobomolewa na mabomu. Mzee alisema watu walikuwa na njaa, lakini siku ya mechi hakuna aliyezungumzia chakula.

Mama yake ndiye aliyefua jezi za timu. Zilikuwa seti moja, nyekundu, na sabuni ilikuwa adimu. Timu ikashinda, ikashinda tena, hata wao wenyewe hawakuamini, ikafika fainali. Yule mama akataka vijana waingie uwanjani wanang'aa. Akapata sabuni kali kutoka kwa askari wa kigeni, akazichemsha jezi zote kwenye pipa moja. Zilipotoka zilikuwa za waridi.

Ndivyo walivyocheza fainali ya taifa, wachimba makaa wenye mabega mapana, ndani ya jezi za waridi. Wakafungwa kwa goli moja. Mzee, wakati huo mtoto mdogo, hakwenda. Alisikiliza redio iliyowekwa dirishani, mtaa mzima umesimama barabarani. Na goli lenyewe lilikuwa na utata. Mpira uligonga mwamba wa juu, ukadunda chini, kipa akaudaka, refa akapuliza filimbi.

"Haukuvuka mstari," mzee alimwambia mume wangu, mikono bado imejaa povu. "Mpaka leo haujavuka."

Mume wangu akauliza, "Waliowafunga walivaa rangi gani?"

"Bluu."

"Basi kuanzia leo mimi ni wa bluu. Na wewe ni mtani wangu."

Kwa asiyejua, kwetu utani si mzaha wa kupita. Sisi Wanyamwezi watani wetu ni Wazaramo wa pwani, tangu enzi za babu zetu waliokuwa wakipita kwao na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukusema mbele ya wakwe zako, akaondoka na kuku wako, nawe usikasirike. Na kazi yake kubwa iko msibani. Watu wanalia, yeye anafika anamsema marehemu kwa uchoyo wake, anaiga mwendo wake, anakalia jembe la kuchimbia kaburi na kugoma kusimama mpaka apewe chochote. Unajikuta unacheka na machozi hayajakauka. Mtu akizikwa bila mtani ni kama ameokotwa njiani na kuzikwa na wasiomjua. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na bado naamini hivyo.

Hapa Toronto watani ni haba. Wazaramo wapo wachache, lakini wana haraka, na ugeni umewafanya wapole. Mume wangu aliishi miaka mingi bila mtu wa kumtukana kwa haki. Alipompata Mjerumani alifurahi kama mtu aliyepata ndugu.

Kwenye lifti ilikuwa hivi. Walizungumza Kiingereza, isipokuwa salamu, ambazo mume wangu alimfundisha mzee kwa Kiswahili.

"Shikamoo, Mzee wa Waridi."

"Marahaba, mwizi."

"Umelala vizuri na lile goli?"

"Halikuwa goli."

"Uliliona?"

"Nililisikia."

"Mstari uliuona kwa sikio lipi, la kulia au la kushoto?"

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa bado. Lakini babu yangu Tabora alisikia watu wa bluu wakishangilia, akauliza kuna nini."

Watu wengine kwenye lifti walitazama viatu vyao.

Mzee alikuwa na binti huko Mississauga, mji wa jirani, mtu mzima, mwenye kazi ya ofisini, ambaye alikuja kila Jumapili na supu kwenye vyombo vya plastiki. Siku moja akamkuta mume wangu koridoni anamwambia baba yake kwamba walifungwa kwa sababu kipa wao alikuwa anaficha viazi mifukoni. Kesho yake yule binti akampigia meneja wa jengo kulalamika kwamba jirani anamnyanyasa mzee wa watu.

Wakaitwa ofisini wote wawili. Nilikwenda na mume wangu, kwa sababu niliogopa. Meneja, kijana mpole, akamuuliza mzee kama ni kweli huyu bwana humtukana.

"Ni kweli," mzee akasema. "Kila anaponiona."

"Na ungependa tuchukue hatua gani?"

Mzee akafikiri. "Juzi hakunitukana. Alisema amechelewa kazini. Ningependa lisijirudie."

Jioni hiyo walikula kwangu. Na ndipo ulipoanza mchezo wa mezani ambao uliniharibia vitambaa vya meza vyote. Chupa za chumvi na pilipili zilikuwa magoli, kijiko kilikuwa mstari, na punje ya haragwe ilikuwa mpira. Mzee alipanga fainali yote kama alivyoisikia redioni, nani alimpa nani pasi, nani aliteleza kwenye tope. Ikifika lile goli, mume wangu alisukuma haragwe likavuka kijiko. Mzee alilirudisha. Mume wangu alilisukuma. Kisha wote wawili walinigeukia mimi.

"Mama, wewe ndiye refa. Goli au si goli?"

"Mimi sikuwepo," niliwaambia kila mara. "Siwezi kusema nisichokijua."

"Huyu mke wako angetufaa sana siku ile," mzee alisema.

"Huyu?" mume wangu alisema. "Huyu angesimamisha mechi, akaenda kupima mstari kwa kamba."

Walicheka mpaka mzee akakohoa. Sikuwahi kusema, si ndiyo wala siyo. Binti yetu, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alituambia kwamba tumechanganyikiwa wote watatu, halafu akachukua haragwe akalila.

Mume wangu alipoanza kuugua, mzee ndiye aliyekaa naye mchana nikiwa kazini. Nilirudi nikawakuta kila mmoja amelala kwenye kiti chake, redio inazungumza. Siku moja niliwasikia nikiwa jikoni.

"Ukifa wewe," mume wangu alikuwa anasema, "nitakuja kwenye msiba wako, nikalie jeneza, na sitoki mpaka binti yako anipe ile supu."

"Supu yake ni mbaya."

"Najua. Hiyo ndiyo adhabu yangu kwa ajili yako."

Kisha mzee akauliza, "Na ukitangulia wewe?"

"Basi kazi ni yako," mume wangu akasema. "Usiniaibishe."

Alitangulia yeye. Lakini kabla ya hapo, mzee alianguka bafuni akavunjika nyonga. Akapelekwa hospitali, na kutoka hospitali binti yake akamchukua nyumbani kwake Mississauga. Mume wangu akafariki katikati ya hayo yote, na hakuna aliyemwambia mzee.

Mazishi yalikuwa mazuri, sina la kulaumu. Watu wa kanisani walikuja, Watanzania walikuja, Wakongo wa jengo letu waliimba vizuri sana. Lakini yalikuwa safi mno. Udongo ulifunikwa zulia la kijani, jeneza likashushwa na mashine, na kila mtu alizungumza polepole. Mzaramo mmoja alikuwepo, mhasibu mstaafu, mzee wa msikitini, mwenye koti zuri jeusi. Nilimtazama. Yeye Mwislamu na mume wangu Mkristo, lakini utani haujali hilo. Nilimngojea aseme chochote, hata neno moja, kwamba huyu Mnyamwezi amekufa na deni la mihogo yetu. Akanishika mkono kwa heshima.

"Pole sana, mama. Mungu amlaze mahali pema."

"Mtani wangu," nikamwambia, "huna jingine?"

Akaelewa. Akatazama wale wafanyakazi wa makaburi, akatazama zulia. "Hapa si kwetu, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Watatushangaa."

Nikarudi nyumbani huku mume wangu amezikwa bila kusemwa. Sikulia sana. Sikucheka pia. Nilikwenda kazini, nikakunja mashuka, nikarudi. Dada yangu alinipigia simu kutoka Tabora, na la kwanza alilouliza lilikuwa watani walifanya vituko gani. Nikamwambia ukweli kwamba hawakufanya. Akasema, "Basi amezikwa kama mtu wa kuokotwa njiani," nami hilo nilikuwa nalijua.

Siku ya kuanua tanga, yaani kumaliza msiba rasmi, ilipokaribia, nilimpigia simu binti wa yule mzee. Sikumpigia kumwalika baba yake. Mtani haalikwi, huja mwenyewe. Niliona tu si haki mzee asijue.

"Sijamwambia," binti akasema. "Niliogopa. Hata chakula hali vizuri. Ananiuliza kila siku kwa nini yule dereva hampigii simu kumtukana."

"Mwambie," nikasema. "Atakuwa anadhani amesahauliwa. Hilo ni baya zaidi."

Akaniuliza shughuli ni wapi na saa ngapi. Nikamtajia. Sikuomba kitu.

Tulifanyia kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu, ule wenye viti vya kukunja. Tulipika pilau na maharage, na kuku wa kutosha. Nilisimamisha picha ya mume wangu juu ya meza, na ile skafu ya bluu nikaizungusha kwenye fremu. Watu wakakaa kimya, wazuri, wamevaa vizuri, kama siku ile makaburini. Yule Mzaramo alikaa karibu na dirisha na koti lake jeusi. Mchungaji akaanza kusoma.

Mlango ukafunguliwa katikati ya somo. Alikuwa binti wa mzee anasukuma kiti cha magurudumu, uso umemwiva kwa aibu, na kwenye kiti mzee amevaa ile fulana nyekundu aliyokuwa akiifua kwa mikono, juu ya shati na tai.

"Yuko wapi mwizi?" akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri. "Nimesikia amekimbia."

Mchungaji akanyamaza. Watu wakanitazama. Mimi nilisimama.

Mzee akasukumwa mpaka kwenye meza. Akaitazama picha kwa muda mrefu, nikadhani yameishia hapo. Kisha akasema, "Hata kufa umekufa na rangi mbaya." Akanyoosha mkono, akaichukua picha pamoja na skafu yake, akaikumbatia kifuani. "Mtu huyu alikula chakula changu, alikunywa bia yangu, na akanipigia kelele miaka yote juu ya goli ambalo halikuwa goli. Sasa ameona mambo yamemfika shingoni, amejificha. Picha hii siitoi."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. Ilikuwa ni binti yetu.

"Mzee," nikamwambia, "unataka nini?"

"Nataka mama huyu, ambaye hasemi uongo, aseme mbele ya watu wote kwamba mpira haukuvuka. Aseme hivyo, picha arudishiwe. Asiposema, naondoka nayo Mississauga. Nitaitundika chooni."

Hapo ndipo yule Mzaramo aliposimama. Alivua lile koti jeusi, akalitupa kwenye kiti.

"Ngoja kwanza," akasema kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, ya kwao. "Ngoja. Wajerumani mlituchukulia nchi, tukanyamaza. Sasa mnatuchukulia na utani? Huyu Mnyamwezi ni wa kwetu. Babu zake walipita Uzaramo na mizigo, wakala mihogo yetu shambani, wakasema wanatafuta njia. Ninamdai mimi kwanza." Akaenda moja kwa moja jikoni, akarudi na sufuria ya pilau ameikumbatia. "Na hii haitoki mpaka nilipwe mihogo."

Ukumbi ukavunjika. Sijui neno jingine. Dada mmoja wa kanisani alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Wakongo waliomba watafsiriwe, wakatafsiriwa, wakacheka wakiwa wamechelewa, na wengine wakacheka kwa sababu ya kuwaona hao. Wanyamwezi tuliokuwepo tukaanza kujibu kwamba mihogo yenyewe ilikuwa michungu, kwamba babu zetu waliila kwa huruma tu. Mzaramo akatembea kuzunguka meza kwa mwendo wa mume wangu, ule wa dereva anayeshuka kwenye basi na kuvuta suruali juu, na sufuria mikononi. Hakuwa amekutana naye mara nyingi, lakini aliupata mwendo ule vizuri kabisa. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, na machozi ambayo hayakutoka makaburini yakatoka yote hapo, pamoja na kicheko, sikuweza kuvitenganisha. Binti wa mzee alikuwa amesimama kando yangu. Aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia sasa ndiyo.

Mzee hakuwa amelegeza mikono. Kelele zilipopungua akasema, "Bado nangoja. Goli au si goli?"

Wote wakanigeukia. Nilimtazama mume wangu kifuani mwa mtani wake. Ningeweza kusema halikuwa goli, nikapewa picha yangu, na kila mtu angepiga makofi. Ningeweza kusema lilikuwa. Lakini kweli sikuwepo.

"Mzee," nikasema, "kama mpira ulivuka sijui, na sitasema. Najua jambo moja tu. Mimi ni wa bluu."

Akanitazama. Uso wake ulifunguka polepole.

"Vizuri," akasema, na akanipa picha. "Niliogopa ungekubali. Ningebaki nabishana na nani?"

Sufuria ilichelewa kurudi. Mzaramo alitulazimisha tumpe paja la kuku, tena akalikataa la kwanza. Mchungaji alimalizia somo lake watu wakiwa wanakula, na hakuna aliyeona vibaya, hata yeye. Mzee alikula sahani mbili. Binti yake alimtazama kama mtu anayeona mvua baada ya kiangazi, kisha akaniomba nimwelekeze jinsi ya kupika yale maharage. Nilimwelekeza. Mzee akamwambia asisahau kuacha punje moja mbichi kwa ajili ya mpira.

Siku hizi mzee hunipigia simu Jumapili, binti yake akishaondoka jikoni. Skafu naifua mwenyewe kwenye sinki, kwa maji ya baridi. Simu ikilia huwa naijua kabla ya kuitazama.

"Shikamoo, Mzee wa Waridi," namwambia.

"Marahaba, mwizi," anajibu. "Umelala vizuri na lile goli?"

"Nimelala vizuri sana," namwambia, na siku hizi huwa ni kweli.